Siku moja maishani mwangu: fundi wa boila Portland, Maine, Marekani

Saa 12 asubuhi. Nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri. Huku nyumba hupashwa na boila, mtambo unaochemsha maji na kuyazungusha vyumbani kwa mabomba. Kwa siku kama hii simu huanza kulia kabla sijamaliza chai, na karibu kila mteja ana ombi lilelile: "Fundi, njoo utuongezee moto." Mara nyingi moto si mdogo, ila umepangwa vibaya.

Saa 2. Redieta ya ghorofani, yaani chuma cha ukutani kinachopitisha maji hayo kupasha chumba, ni ya moto chini, juu baridi. Hewa hiyo. Nafungua kikoki chake kwa ufunguo mdogo, inafoka hadi maji yatoke, naangalia presha, naondoka.

Saa 4. Nyumba ya mama mmoja wa Bukavu. Theluji imejaa barazani, lakini madirisha ya sebule yako wazi.

"Mwanangu, hapa tunaungua, na usiku watoto kule nyuma wanatetemeka."

Nashuka chini. Boila ni la gesi, la kisasa, lakini linapeleka maji ya nyuzi 82 mchana na usiku. Nyuma yake waya wa sensa ya nje, kipimajoto kinacholiambia boila baridi ya nje ilivyo, unaning'inia, haujachomekwa popote. Maji makali namna hiyo huipasha sebule upesi, themostati, kifaa cha kupima joto la chumba, inazima pampu, na vyumba vya mbali havijapata kitu. Nauchomeka waya, nahakikisha sensa iko ukuta wa kaskazini usiopigwa na jua, kisha napanga: nje ikifika -18, maji yawe 70, nje ikiwa 10, yawe 40. Muda huo nje ni -9, kipimo kinatulia kwenye 60.

"Sasa si umetupunguzia?"

"Hapana, mama. Pampu itazunguka muda mrefu, joto lifike hadi kwa watoto."

Mpira wa kutolea majimaji unaanza kudondosha matone. Hapo nafurahi kweli. Maji yanayorudi yakiwa chini ya nyuzi 54 hivi, mvuke ulio kwenye moshi hugeuka maji na kuliachia boila joto ambalo lingepotelea nje.

Saa 8 mchana, kinyume chake kabisa. Boila kongwe la mafuta, la chuma, limeshushwa hadi 50 ili kubana matumizi. Bomba la moshi limeshaota kutu, kwa sababu kwenye boila kama hili majimaji hayo yana asidi na hula chuma. Nalipandisha, nawaeleza kwa nini.

Saa 10 jioni, maji ya kuoga. Tangi naliweka nyuzi 60, bakteria wa Legionella, wanaoleta homa ya mapafu, wasizaliane. Lakini 60 humuunguza mtoto ndani ya sekunde chache, kwa hiyo pale maji yanapotoka tangini kuna valvu ya kuchanganya na maji baridi. Nashika kipimajoto chini ya bomba la bafuni: 57. Valvu imekwama. Naibadilisha, napima tena hadi isome 49, kisha nabandika karatasi kwenye tangi: "Tangi 60, bafuni 49. Usishushe tangi, rekebisha valvu."