Tangi la samaki la maji baridi (yasiyo na chumvi) kuwa la maji chumvi

Kioo kinabaki kilekile. Karibu kila kitu kingine hubadilika. Kama tangi liliwahi kutiwa dawa ya shaba, litafutie kazi nyingine: shaba hujificha kwenye silikoni na changarawe, kisha huua kamba na matumbawe. Changarawe ya zamani toa yote, weka mchanga wa matumbawe. Hita hufaa. Pampu yenye skrubu au ekseli ya chuma kinachoshika kutu haifai.

Changanya chumvi ya akwariamu (ya mezani hapana!) kwenye ndoo, si tangini penye viumbe. Gramu 35 kwa lita ni mwanzo mzuri, hivyo lita 200 hula takribani kilo 7. Tumia maji yaliyochujwa kwa osmosisi ya kinyume (utando unaozuia chumvi na uchafu), koroga kwa pampu usiku kucha kwa nyuzi 25, ndipo upime uzito mahususi, yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji safi. Lenga 1.025.

Bakteria wa kichujio cha zamani wengi hawahimili chumvi, kwa hiyo mzunguko wa naitrojeni (bakteria kugeuza amonia ya uchafu kuwa nitriti, kisha nitrati) huanza upya. Weka mawe hai (mawe ya baharini yenye bakteria), tia amonia kidogo, subiri wiki 4 hadi 6. Amonia na nitriti zote zisome sifuri kabla ya samaki wa kwanza.

Wengi huharibu hapa: maji yakipungua kwa mvuke, huongeza ya chumvi. Chumvi haipandi na mvuke! Ongeza maji yasiyo na chumvi, kila siku, hadi alama uliyochora kwenye kioo.