Siku yangu nyuma ya mashine ya fotokopi, Tabora

Saa 1:30 asubuhi nafungua steshenari. Mpaka saa 4 nimeshatoa kopi za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na barua moja ya posa yenye makosa matatu. Hakuna la kusimulia.

Watu hudhani mchapaji ni vidole tu. Kwangu wanapita walioachishwa kazi, wakielekea Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Ile fomu F.1 ya kufungulia mgogoro nikiamshwa usiku naijaza.

Saa 4:20 akaingia mzee mmoja, mlinzi, barua imekunjwa mara nane mfuko wa shati.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Niandikie kesi."

Fomu inauliza unataka matokeo gani. "Andika milioni 50." Mshahara wake laki na nusu. Nikaandika. "Futa, andika nirudishwe kazini." Nikafuta. "Hapana. Andika bosi aniombe radhi mbele ya wenzangu." Mara ya nne ndipo nikaiangalia tarehe ya barua, nikaishiwa nguvu. Siku 47. Kupinga kuachishwa kazi ni ndani ya siku 30.

"Waliniambia nisubiri, wataniita."

Nikamweleza kwamba hapo inatakiwa na fomu F.2 ya kuomba kuongezewa muda, na kiapo cha kueleza kwa nini umechelewa. Kiapo unaapa kwa wakili. Akanuna. "Nyie na hao wa maofisini lenu moja, mnatula." Kwa shilingi 500 ya ukurasa jamani!

Umeme ukakatika, na sikuwa nimehifadhi kitu. Akatoa embe, akamenya, akanipa kipande bila kunitazama. Ndiyo chakula changu cha mchana kilivyokuwa.

Uliporudi tukaanza upya. Barua inasema amepunguzwa, si kwamba amekosa, kwa hiyo kiinua mgongo anacho: siku 7 za mshahara kwa kila mwaka aliotimiza, mwisho miaka 10. Yeye ana miaka 9, yaani mshahara wa siku 63. Na madai ya namna hiyo hufunguliwa ndani ya siku 60, bado yumo. "Siku 63 tu?" Akanitazama kana kwamba sheria ya kazi ya 2004 nimeitunga mimi. Akaondoka bila kuaga.

Baadaye, sijui saa ngapi, mgongo ulikuwa unawaka, akaja mama aliyekuwa mpishi hotelini. Alidai arudishwe kazini. Yeye na hoteli wamepatana mbele ya msuluhishi: pesa ya notisi, likizo zake na cheti cha utumishi. Kazi ndiyo basi. "Nimechoka nauli, dada," akasema, akaomba cheti kiwekewe plastiki. Nikakiwekea taratibu kisije kikakunjamana.

Wakati wa kufunga nikainua kifuniko cha fotokopi. Barua ya mzee iko kwenye kioo, kifudifudi. Nikapiga namba aliyoitaja kwenye fomu, akapokea binti.

"Baba hajarudi. Alisema anapitia kwa wakili."

Kwa wakili, bila barua.