Niliomba vishikwambi nikanyimwa, nikaomba kadi za manila nikapewa

Mara ya kwanza niliomba shilingi 9,870,000. Mwisho wa mfuko ulikuwa milioni 10, nami nikajiambia anayeacha chenji kwenye hela ya chuo hana akili. Nikanyimwa yote.

Mfuko wenyewe ni wa ndani ya chuo. Kila mwaka linatoka tangazo, mhadhiri mwenye wazo la kubadilisha ufundishaji anapeleka andiko lisilozidi kurasa tano, jopo linasoma, wachache wanapata. Hela si nyingi. Siku hizi masikio yetu yamezoea za HEET, ule mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa ajili ya majengo, maabara, mitaala na kusomesha wahadhiri wa vyuo vya umma. Ukishazoea namba za aina hiyo, milioni 10 unaiona ya vocha. Nadhani ndiyo maana lile andiko la kwanza nililiandika usiku mmoja, kesho yake mchana nikawa namfukuzia mkuu wa idara korido kwa korido anisainie.

Nafundisha mekanika mwaka wa kwanza. Wanafunzi 380, wengi wao watakuwa walimu wa fizikia sekondari. Niliomba vishikwambi 20, kila kimoja shilingi 450,000, na 870,000 iliyobaki ikaenda kwenye ruta na mafunzo. Kila aya ilikuwa na “karne ya 21”, na kipengele cha uendelevu nilikijaza kwa sentensi moja: mradi utakuwa endelevu kwa kushirikisha wadau wote. Wadau gani? Hata mimi sikujua.

Jibu lilikuja na maoni ya msomaji mmoja wa jopo, mistari miwili: “Wanafunzi 380, vishikwambi 20. Kimoja kwa watu 19. Atashika nani, na wale 18 watakuwa wanafanya nini?”

Nilinuna wiki nzima. Halafu nikalipeleka andiko kwa profesa wetu mmoja aliyestaafu, ambaye bado anafundisha kwa mkataba na mlango wa ofisi yake haufungwi.

“Shikamoo Prof.”

“Marahaba mwanangu. Lete hicho ulichokunja.”

Akasoma na penseli mkononi, hakuandika chochote. Alipomaliza akavua miwani. “Hapa umeandika unachotaka kununua. Kinachokuuma sijakiona. Darasani kinakuuma nini?”

Nikamsimulia habari ya jiwe. Mwaka uliotangulia niliweka kwenye UE, mtihani wa mwisho wa semista, swali la mtoto anayelenga embe kwa jiwe, analirusha wima kwenda juu. Kipande cha kwanza ni kukokotoa litafika umbali gani, na wengi walikipata, maana fomula wanaijua kama sala. Kipande cha mwisho niliuliza: jiwe likiwa njiani kupanda, ukipuuza upinzani wa hewa, ni nguvu zipi zinalifanyia kazi? Jibu ni moja tu, uzito wake. Lundo la vijitabu lilikuwa na mbili: uzito, na nguvu ya mkono wa aliyerusha. Mmoja alikuwa na maksi 34 kati ya 40 za koswaki, zile za kabla ya UE, kijana mzuri kabisa, naye kachora mshale mrefu kwenda juu akauandikia “hand”. Jiwe limeshatoka, mkono umebaki huku chini, lakini nguvu yake eti inalisindikiza hewani. Na huyu miaka miwili baadaye atasimama mbele ya kidato cha pili.

Prof akacheka mpaka akakohoa. “Sasa si ungeandika hilo?”

Basi nikaanza upya, na safari hii nilisoma kabla ya kuandika. Kumbe jiwe langu lina wenzake dunia nzima. Mwaka 1992 huko Marekani, David Hestenes na wenzake walichapisha jaribio la kupima dhana hiihii, Force Concept Inventory, ambalo toleo linalotumika sasa lina maswali 30 ya kuchagua, na halihitaji fomula hata moja. Mwaka mmoja kabla yake Eric Mazur wa Harvard alikuwa ameanza kuvunja lekcha zake vipande: swali linawekwa ubaoni, kila mtu anachagua jibu kimyakimya, kisha wanageukiana na kubishana, kisha wanachagua tena. Na mwaka 1998 Richard Hake akakusanya matokeo ya wanafunzi 6,542 wa kozi 62. Hakuangalia maksi za mwisho peke yake, aliangalia kila darasa limepata sehemu gani ya kile ambacho lilikuwa halijui mwanzoni. Madarasa ya lekcha tupu wastani wake ulikuwa 0.23. Yale ya kubishana yalifika 0.48.

Kilichonishika si Harvard. Ni kwamba kwenye maelezo ya njia hiyo, kifaa cha kupigia kura si lazima kiwe na umeme. Wapo waliotumia kadi za rangi. Wapo waliotumia vidole.

Vidole ninavyo 380 mara kumi. Sikungoja tangazo. Jumatano moja niliweka swali la jiwe ubaoni, nikawaambia waweke mkono kifuani ili jirani asiibie, kidole kimoja ni A, viwili B, vitatu C, vinne D. Nikapiga picha kwa simu. Nikawaambia wageukiane dakika tatu. Nikapiga picha tena.

Hizo dakika tatu nilitembea katikati ya viti. Safu ya saba kulikuwa na dada wawili, mmoja kashikilia msimamo kwamba nguvu ya mkono ipo ila inapungua polepole. Mwenzake akachukua kifuniko cha kalamu, akakirusha kidogo, akakidaka. “We, mkono si umeshaachia? Sasa hiyo nguvu inatokea wapi?” Yule wa kwanza akanyamaza, akakichukua kifuniko, akakirusha mwenyewe mara mbili. Mimi nilikuwa nimeshaeleza jambo hilo kwa lekcha mbili nzima na slaidi zenye mishale.

Usiku nilikaa na binti yangu tukahesabu vidole kwenye picha. “Baba, huyu ameonyesha vitatu au anajikuna?” Waliosomeka vizuri picha zote mbili walikuwa 214. Waliopata kabla ya kubishana ni 58. Baada ya kubishana, 131. Namba hizo mbili, na ile picha yenye vidole, ndizo zilizoanzia ukurasa wa kwanza wa andiko la pili. Karne ya 21 sikuitaja.

Bajeti nayo nilitaka kila mstari uwe na jibu ukiulizwa “cha nini?”. Vidole vina kasoro, ukiwa mbele huwezi kutofautisha viwili na vitatu kwa mtu wa safu ya ishirini, kwa hiyo niliomba kadi: karatasi ya manila inayokunjwa mara nne, kila upande herufi na rangi yake. Kadi 400, kuchapa shilingi 500 na laminesheni 1,000, jumla 600,000. Mwanafunzi wa uzamili wa kukaa nyuma na kuhesabu, vipindi viwili kwa wiki, wiki 15, shilingi 10,000 kwa kipindi, 300,000. Kipaza sauti kisicho na waya, maana ukishuka jukwaani ukumbi wetu haukusikii, 350,000. Kudurufu jaribio la Hestenes, la mwanzo na la mwisho wa semista, 160,000. Nusu siku na wenzangu wa idara, watu 25 na chai yao, 250,000. Dharura asilimia tano, 83,000. Jumla 1,743,000.

Mwenzangu mmoja aliniambia nimeomba kidogo mno, jopo litaona sina uzito. Niseme ukweli, niliogopa. Nilikaribia kuongeza kompyuta mpakato. Sikuongeza, kwa sababu nilipojaribu kuandika sentensi ya kueleza inafanya kazi gani kwenye habari ya jiwe, sentensi haikutoka.

Uendelevu nilijibu hivi: kadi zitakaa kwenye kabati la maabara ya mwaka wa kwanza, ufunguo uko kwa fundi maabara, na kadi ikichakaa nyingine ni shilingi 1,500.

Jopo likaniita kujieleza, dakika kumi. Swali la bajeti halikuja kabisa. Lilikuja ambalo sikulitegemea. Mjumbe mmoja aliuliza: lugha ya kufundishia chuoni ni Kiingereza, sasa hao wanaobishana wanabishana kwa lugha gani?

Nikamwambia Kiswahili, mama, na nimewasikia. Nikaeleza habari ya kifuniko cha kalamu. Akauliza tena, na hapa ndipo aliponipa kitu: kwa Kiswahili hicho wanasema “nguvu”, si ndiyo? Mtu mwenye mwili ana nguvu, chai ina nguvu, serikali ina nguvu, soda ya kuongeza nguvu ipo dukani. Shule ya msingi walifundishwa “kani”, kidato cha kwanza ikazikwa. Huenda huo mshale wa “hand” ni neno “nguvu” linalotafuta pa kukaa.

Sikuwa na jibu la kumshinda, na sikulitafuta. Nilisema nitaweka kwenye mpango: wabishane kwa lugha wanayoitaka, lakini kila swali mmoja atasimama aseme kwa Kiingereza kile walichokubaliana, na neno “kani” nitalirudisha darasani. Aliandika. Nadhani pale ndipo nilipopewa.

Barua ya kukubaliwa ilikuja upesi. Hela haikuja upesi. Semista ilianza, wiki ya kwanza ikapita, ya pili, na ratiba niliyoichora ilikuwa na kadi tangu siku ya kwanza. Tukaendelea na vidole. Hela iliingia wiki ya sita, tena kama masurufu kwa jina langu, maana yake nisiporejesha kwa risiti ndani ya muda inakatwa kwenye mshahara. Anayetaka kuomba ajue hili kabla hajatia saini: panga mradi ambao unaweza kuanza bila senti.

Kisha risiti. Jamaa wa steshenari getini, anayechapa vizuri na kwa bei niliyoandika, hana EFD, mashine ya risiti za kodi. Mwenye mashine yuko mjini na bei yake ya laminesheni ni 1,200. Kwa kadi 400 ni 80,000 zaidi. Ile dharura ya 83,000 ambayo nilidhani ni ya kupamba ilimezwa hapo, ikabaki 3,000. Kipaza sauti nilikifuata Kariakoo, nikauliza risiti ya EFD kabla ya kuuliza bei. Muuzaji alinitazama kama mtu wa kodi, wa TRA.

Jaribio la Hestenes halilipiwi, ila halitakiwi kuzagaa, likizagaa wanafunzi watakariri majibu na halitapima tena kitu. Kwa hiyo nakala zinahesabiwa zikitoka na zikirudi. Siku ya kwanza moja haikurudi. Tulifunga mlango, CR, kiongozi wa darasa, akasimama juu ya kiti akawabembeleza wenzake, na baada ya dakika kumi na tano ikaonekana chini ya begi la mtu aliyeapa hajui imefikaje.

Mwisho wa semista kwa hesabu ya Hake tulipata 0.31. Yeye aliyaita ya kati madarasa yanayoanzia 0.3, kwa hiyo tumevuka kwa unywele, na nimeandika hivyohivyo kwenye ripoti. Sapu, yaani mitihani ya kurudia, hazikupungua kama nilivyotarajia, kwa sababu pepa yenyewe bado inauliza zaidi kukokotoa kuliko kufikiri, na pepa naitunga mimi. Hilo pia niliandika. Swali la lori kugongana na bajaji, nani anamsukuma mwenzake zaidi, bado linawashinda wengi hata baada ya kubishana. Wanajua jibu la kwenye kitabu ni “sawa”, lakini ukiwatazama usoni unaona wameiona bajaji baada ya ajali. Kwa hilo kadi hazijanisaidia, nahitaji onyesho la mezani.

Zamu hii nimeomba hela ya vigari viwili vya maabara na mizani zake za kupimia msukumo. Andiko lina kurasa tatu. Wakati huohuo mwenzangu wa kemia amezisikia kadi, akaja kuziazima wiki mbili. Zilienda 400, zimerudi 391. Nimemwandikia dokezo.