Muhula wa mwisho na saa ya sindano

Barua yangu ya kuacha kazi iko kwa mkuu wa shule tangu mwanzo wa muhula, na sasa ofisi nzima ya walimu inajua. Wachache wameniuliza kwa nini naondoka. Wengi wanauliza, "Mwalimu, sasa utafanya nini?" Nikijibu kwamba kwanza nataka kudarizi, wananyamaza kidogo wakingoja jibu lenyewe lije. Kisha mmoja anaona ameelewa: "Aa, utakuwa unauza." Hapana, siuzi. Nataka kukaa na kitambaa na nyuzi zangu, nidarizi.

Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi. Kuna siku mtoto ambaye alikuwa akiimba silabi tu, kwa kuzikariri, anatazama ubaoni na midomo inaacha kuimba. Anasoma. Anageuka kunitazama ahakikishe kwamba nami nimeona. Furaha ile sitaipata kwingine, najua, na sitajifanya kwamba nimeichoka. Kilichonimaliza ni vyote vinavyofuata baada ya kengele: maandalio ya masomo, madaftari ya kusahihisha, fomu za tathmini, ripoti, na fomu nyingine za kufafanua zile ripoti. Ikifika Alhamisi sauti imekauka, na usiku bado kuna lundo mezani.

Ningeweza kusubiri siku ya mwisho ndipo nianze kudarizi kwa raha. Sikutaka. Muda usio na mwenyewe hupata mwenyewe haraka sana, na nina hakika siku zangu za uhuru zitajaa shughuli za watu wengine kabla sijatunga uzi, kama sijazoea kuulinda muda huo sasa, wakati kazi bado ipo. Kwa hiyo muhula huu nimejiwekea kipindi: saa moja na nusu jioni hadi saa mbili na robo. Madaftari yanabaki ndani ya mkoba. Nyumbani wameshajua kwamba muda huo siitwi, na nimeshangaa jinsi walivyokubali upesi. Nadhani walikuwa wakisubiri niseme.

Dakika arobaini na tano zinatosha, ila ukianza kwa kutafuta mkasi zimekwisha. Kwa hiyo maandalizi nayafanya Jumapili mchana, kukiwa na mwanga. Uzi wa kudarizi huja ukiwa na nyuzi sita nyembamba zilizoshikana. Nakata urefu wa kama sentimita 45, maana ukizidi hapo unasagika kwa kupita kwenye kitambaa mara nyingi na kupoteza mng'ao, kisha nachomoa nyuzi moja moja na kuziunganisha tena mbili mbili. Ukizivuta mbili kwa pamoja zinajisokota. Ukizichomoa moja moja zinalala bapa, na msalaba, yaani mishono miwili inayokatizana kama X, unajaa vizuri. Natunga sindano kadhaa, kila rangi na yake, nazichomeka kwenye kipande cha kitambaa, basi. Siku za kazi nikikaa, naendelea pale nilipoishia. Hata kumaliza nimejifunza kumalizia katikati ya mstari, sindano ikiwa imeshachomekwa kwenye tundu linalofuata, ili kesho yake mkono usilazimike kufikiri pa kuanzia.

Nina kazi mbili, na nazichagua kwa aina ya uchovu nilionao. Moja ni ya kudarizi kwa mkono huru: majani na maua niliyoyachora kwa penseli, mshono wa mnyororo kwenye shina, mafundo madogo katikati ya ua. Hiyo naifanya nikitaka kusikiliza watu wakizungumza, kwa sababu haihitaji kuhesabu. Ya pili ni ya mshono wa msalaba, na hiyo inataka ukimya. Unahesabu miraba ya kitambaa kulingana na chati, na ukikosa mraba mmoja hapa, umbo zima linahama. Jioni zile ambazo kichwa kimejaa kelele za darasa, kuhesabu ndiko kunakoniponya. Huwezi kuhesabu hadi kumi na mbili huku ukiwaza kikao cha kesho.

Hii ya misalaba ndiyo iliyonishika moyo. Ni alfabeti. Chati nyingi zinazopatikana zina herufi 26, na mimi nimefundisha watoto kusoma bila Q wala X, na C haijawahi kusimama peke yake ubaoni kwangu. Nikachukua karatasi ya miraba nikajichorea yangu. Shida ilikuwa CH, kwa sababu inakula nafasi mbili, na nilikataa kuipeleka chini mwishoni. Watoto wanaiimba baada ya B, na hapo ndipo inapokaa. Basi nikahesabu: herufi moja moja ziko 23, ukiongeza nafasi mbili za CH unapata 25. Mistari mitano, kila mmoja nafasi tano. A, B, CH na D zinajaza mstari wa kwanza barabara, na Z inafunga wa mwisho bila pengo hata moja. Nilifurahi mno. Nilikaa naitazama ile karatasi muda mrefu.

Kila herufi nimeipa miraba 12 kwa upana na 12 kwa urefu, na mitatu ya kuitenga na jirani yake. Inakuwa miraba 72 kila upande. Kitambaa nilicho nacho ni cha aida, kile kilichofumwa kwa miraba ya kuhesabika, nacho kina miraba 14 kwa inchi, kwa hiyo mchoro utakuwa kama sentimita 13, nami nimekata kipande cha sentimita 30 ili pande zote zibaki na nafasi ya kutosha kukitia kwenye fremu. Nilikikunja mara mbili kupata katikati, nikaanzia pale, kwenye L. Mguu wa juu wa kila msalaba unaelekea upande uleule, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Hilo ndilo linaloufanya uso wa kazi uakisi mwanga kwa namna moja. Nyuma hakuna fundo. Ncha za uzi napitisha chini ya mishono.

Baada ya hapo nilijikuta nachora jedwali. Herufi ngapi kwa wiki, zimebaki ngapi, nitafika wapi kabla ya shule kufungwa. Niliitazama safu ya mwisho, niliyoiandika "asilimia", nikaichana ile karatasi. Hiyo ndiyo hasa ninayoiacha. Mtoto wa miaka sita nimempimia kusoma kwa asilimia kila mwezi kwa sababu fomu ilitaka, na najua ni kiasi gani cha yule mtoto hakikuingia kwenye fomu. Kitambaa hiki sitakipimia. Nimekiwekea saa yake ya jioni, na sitakiwekea tarehe.

Ninamfikiria sana Elizabeth Parker. Alizaliwa Uingereza mwaka 1813, akaenda kutumika kwenye nyumba za watu akiwa bado mdogo, na huko aliumizwa vibaya. Karibu mwaka 1830 alidarizi maisha yake kwa uzi mwekundu kwenye kitambaa cha kitani, mshono wa msalaba mtupu, mstari chini ya mstari, hakuna ua wala pambo la pembeni. Anaanza kwa kusema kwamba hajui kuandika. Anaeleza mateso, na jinsi alivyofikia kutaka kujiua. Halafu maneno yanakatika katikati ya sentensi, na chini yake kitambaa ni kitupu. Kiko London, kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Lakini Elizabeth hakuishia pale uzi ulipoishia. Aliishi hadi mwaka 1889, na katika maisha hayo marefu alikuwa mwalimu.

Yeye alitoka kwenye sindano akaenda darasani, mimi narudi kwa njia hiyohiyo. Na kitambaa chake, ambacho fomu yoyote ingekiita hakijakamilika, kimesomwa na watu wengi kuliko chochote nitakachowahi kuandika.

Siku ya kukabidhi nitatoa funguo za kabati, daftari la mahudhurio na vitabu vya darasa. Alfabeti itabaki kwenye mkoba wangu, popote itakapokuwa imefikia. Mwalimu kijana anayechukua darasa langu ameiona, na ameomba aitundike ukutani ikikamilika. Nimemkubalia kwa moyo wote, nikamwomba jambo moja tu: asiniulize lini.