Wifi yangu, Laos na kanga mbili

Wifi yangu alipotangaza kwamba nchi isiyo na bahari haifai kupumzikia, nikajua nitakwenda. Sisi watu wa Tanga bahari tunaiona kila tukienda kununua samaki. Nilitaka mto na milima. Nikachagua Laos, kule Asia jirani na Thailand, Desemba, siku kumi, na mdogo wangu wa kiume kama mbeba mizigo.

Wifi hajawahi kuvuka mpaka wa Horohoro, lakini ushauri anao wa dunia nzima. Kwanza akasema twende Machi, bei iko chini. Kweli iko chini, kwa sababu miezi hiyo mashamba yanachomwa na kaskazini yote inajaa moshi, hata mlima ulio mbele yako huuoni. Hilo nililikataa. Halafu akasema, "Nchi ya joto hiyo, wifi, sweta la nini?" Hilo, kwa ujinga wangu, nililifuata.

Ramani yangu ya kwanza nayo ilikuwa ya aibu. Laos ni kama robo ya Tanzania, basi nikajiambia siku kumi zinaimaliza: Luang Prabang juu, Uwanda wa Mitungi karibu na Phonsavan, kisha visiwa vya Si Phan Don kule chini mpakani na Kambodia. Nikachora mishale. Mdogo wangu akajumlisha saa za basi za milimani, akaniuliza, "Dada, kwani tutashuka lini?" Nikafuta. Zikabaki Vientiane, mji mkuu, na Luang Prabang, na hata hizo hatukuzimaliza.

Viza sielezi, hilo kila mtu analijua. Ila kadi ya homa ya manjano iwe mkononi, si kwenye begi kubwa, maana sisi wa Tanzania tunaulizwa hapo uwanja wa ndege wa Bangkok, Thailand, kabla hata ya kufika kwa watu wa uhamiaji. Kutoka Bangkok tulilala kwenye treni mpaka Nong Khai, mpakani, tukavuka mto Mekong kwenye Daraja la Urafiki, na mchana tulikuwa Vientiane.

Sasa habari ya treni ya pili. Reli ya kutoka mpaka wa China mpaka Vientiane ilifunguliwa Desemba 2021, na Luang Prabang, ambako zamani basi lilikula siku nzima, sasa ni kama saa mbili. Watu waliniambia nikate tiketi mapema. Mimi, mzoefu wa Ubungo ya zamani, nikasema tiketi hukatwa stendi. Kumbe stesheni yenyewe iko nje kabisa ya mji. Tukapanda tuktuk na mabegi yote, tukafika, tukapanga foleni. Binti wa dirishani akatazama kompyuta, akatutazama sisi, akatikisa kichwa taratibu kama anayetoa pole ya msiba. Siti hakuna, siku hiyo wala asubuhi ya kesho yake. Tukarudi mjini na tuktuk ileile. Dereva hakushangaa hata kidogo. Nadhani alikuwa anatusubiri.

Aliyetuokoa ni mama mwenye nyumba ya wageni. Wakati ule tiketi zilianza kuuzwa siku chache tu kabla ya safari, na yeye aliziwinda kwa simu yake asubuhi hiyohiyo zilipofunguliwa. Alipiga picha pasi zetu, akaongeza cha juu kidogo, jioni tukawa na siti za keshokutwa. Ningemwandikia kabla ya kuondoka Tanga ningeokoa siku nzima na nauli mbili za tuktuk. Wewe mwandikie mwenye nyumba yako mapema.

Siku hiyo ya adhabu ikatufikisha Patuxai, lile lango kubwa lililojengwa kwa saruji ambayo Marekani ilitoa kwa ajili ya uwanja wa ndege. Wenyewe wanalitania kuwa ni njia ya ndege iliyosimama wima. Kisha tukaingia kituo cha COPE, wanakotengeneza miguu ya bandia. Kati ya 1964 na 1973 nchi ile ilipigwa mabomu zaidi ya tani milioni mbili, na mengine yangali ardhini hayajalipuka. Tulitoka pale mdogo wangu hana utani hata mmoja.

Utani ulirudi stesheni. Kwenye ukaguzi walimnyang'anya deodoranti ya kupuliza na dawa ya mbu, makopo yote mawili. Chupa za kupuliza hazipandi treni ile. Saa mbili nzima alikaa mikono ameibana mbavuni.

Luang Prabang alfajiri watawa wa Kibudha hupita peku, mistari ya majoho ya rangi ya chungwa, na watu wamepiga magoti wakiwawekea wali bakulini. Tulisimama ng'ambo ya barabara, kimya, na mimi natetemeka. Nyuzi joto kumi na kitu, sweta liko Tanga! Nilijifunga kanga zote mbili, moja kiunoni na moja mabegani. Na ndizo zilizonifaa hekaluni, ambako mabega na magoti hufunikwa. Sokoni mama mmoja muuza vitambaa alishika pindo la kanga yangu, akashika pindo la sketi yake, ile sinh wanayovaa, akacheka. Naye chini ana pindo! Akanyooshea kidole maandishi. Ilikuwa "Wema hauozi". Nilijaribu kueleza kwa mikono, nikaishia kuigiza embe linaloharibika. Akanipa ndizi.

Chakula hakitakushinda. Wali wao unanata, unakuja kwenye kikapu kidogo cha mianzi, unamega tonge kwa vidole, unachovya kwenye pilipili. Mdogo wangu alimega kama mwenyeji, miaka ya ugali ikamlipa.

Pesa zao ni kip, sifuri hazina mwisho. Ujanja wangu: futa sifuri moja, ongeza kidogo, hiyo ndiyo shilingi yetu. Laki moja yao ilikuwa kama elfu kumi na mbili. Zitumie zote hukohuko, maana Bangkok kila duka la fedha nililoingia walizikataa. Nilirudi na noti ya elfu hamsini, nikampa wifi kama zawadi. Mpaka leo anaulizia maduka ya fedha ya Tanga, na mimi sijamwambia kitu.