Umepewa usupavaiza, sasa soma hii kwanza

Kuna kitu naona sana hapa Nakuru, kwa hizi kampuni za Industrial Area na hata kule Naivasha kwa mashamba ya maua. Mtu anafanya kazi poa, mkono mwepesi, hachelewi, siku moja meneja anamwita anamwambia kuanzia Jumatatu wewe ndio supavaiza wa hii laini, basi. Hakuna mafunzo, hakuna barua, mshahara saa zingine ni ule ule, anapewa koti la rangi tofauti na kitabu cha kuandika nani amekuja na nani hajakuja. Na wale watu anaambiwa asimamie ni wale wale alikuwa anakunywa nao chai na mandazi getini juzi tu.

Sasa afanye nini? Wengi wanachagua makelele juu ndio njia pekee waliona kwa supavaiza aliyekuwa kabla yao.

Jamaa fulani wa Kaptembwo alifukuzwa hivyo. Kreti ilianguka, supavaiza mpya akampigia kelele mbele ya watu wote, akamwambia toka, kesho usionekane hapa. Huyo jamaa alikuwa kibarua, analipwa kila Jumamosi, karibu mwaka mzima bila kusimama, na alienda nyumbani akijua imeisha juu kila mtu anasema kibarua hana haki. Si kweli. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja, ama kazi ambayo haiwezi kuisha chini ya miezi mitatu, anahesabiwa kama mtu wa mshahara wa mwezi, kwa hivyo kuna notisi ya siku 28 kabla ya kuachishwa. Ndio maana kampuni zingine zinakutoa kidogo kabla muda huo ufike halafu zinakuita tena, wanajua vizuri sana wanachofanya.

Kuna mtu alimshauri aende ofisi ya leba ya serikali, akaenda, kampuni ikaitwa, mwishowe wakamlipa notisi na likizo yake. Mimi nilifurahi, lakini wiki hiyo hiyo supavaiza akavuliwa lile koti, akaambiwa ameingiza kampuni hasara. Nani alikuwa amemfundisha? Meneja aliyemchagua bado yuko ofisini kwake, hajaulizwa kitu.

Kwa hivyo kama umepewa hiyo kazi, kwanza omba barua. Kifungu cha 10 cha sheria hiyo hiyo kinasema masharti ya kazi yakibadilika mwajiri akae na wewe, mkataba urekebishwe na ujulishwe kwa maandishi, usione haya kuuliza ati wataona una kiburi. Bila barua ukitolewa huko mbele utasema ulikuwa nani?

Halafu jua mdomo wako haufukuzi mtu. Kifungu cha 41 kinataka mfanyakazi aelezwe kosa lake kwa lugha anaelewa, asikilizwe kabla uamuzi haujafanywa, na awe na mwenzake wa kazi ama mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hapo ndani. Hata kama ni kosa kubwa kama kuja amelewa, bado asikilizwe. Lugha anaelewa, hapo watu wanaruka sana, mnampa mama barua ya Kiingereza cha mawakili akiwa anasoma Kiswahili kwa shida halafu mnasema alijulishwa. Kesi zikifika mahakama ya ajira, na iko hapa hapa Nakuru hakuna haja ya nauli ya Nairobi, wanauliza hayo mambo moja moja.

Na hii ya barua tatu za onyo kila mtu anaimba, sheria haijasema tatu. Inaweza kuwa kwa mkataba wenu ama kwa makubaliano ya chama, angalia huko. Kazi yako wewe ni kuandika kwa kitabu kilichotokea, tarehe na saa, bila matusi, uongee na mtu pembeni si mbele ya laini nzima, mengine uwachie HR, ile ofisi ya mambo ya wafanyakazi, wafanye, ndio wanalipwa kwa hiyo. HR wakikataa kufanya hayo, waambie waandike kwamba wamekataa, utashangaa vile watabadilika haraka.

Mambo ya ovataimu mmeniuliza sana kwa inbox, hiyo ni vita kivyake, nitaandika siku ingine nikipata nafasi.