Meza ya kimo cha Mama

Tulipohamia Kimara, Mama alikanda chapati kwenye sinia lililowekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jiko lilikuwa kubwa lakini tupu, na katikati palibaki uwanja usio na kazi. Nikasema hapo nitajenga kaunta mwenyewe.

Fundi wa mtaani, aliyenikodisha drili, alinipa kipimo hata kabla sijauliza. "Kaunta ni sentimita 90, mdogo wangu. Kila nyumba."

Mama ni mfupi. Nikamsimamisha ukutani bila viatu, mkono kaukunja, nikavuta futi kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko: 95. Anayekanda anategemea uzito wa mwili, kwa hiyo mikono lazima ishuke vizuri chini ya kiwiko. Nikatoa 15, nikaandika 80 ukutani kwa penseli. Fundi alipoiona alicheka, akauliza kama ninajengea watoto wa chekechea.

Buguruni niliulizia mninga, bei ikanirudisha nyuma. Nikanunua mninga wa kutosha uso wa juu tu. Fremu na miguu nikachukua paini, zile mbao zinazoshuka kutoka Mufindi. Kila moja niliiinua, nikafumba jicho moja na kuchungulia ukingo wake, maana muuzaji hakosi kukuchomekea iliyopinda. Zilikuwa bado na maji. Kwa joto na unyevu wa Dar, ukiunga mbao mbichi leo, kesho kiungo kimeachia. Nikazipanga barazani, katikati ya mbao na mbao nikaweka vipande vyembamba ili hewa ipite, nikazisubiri. Majirani waliuliza nani kafariki.

Kazi yenyewe haikuwa ndefu. Gundi, skrubu, halafu kupima pembe kwa pembe, kimshazari, hadi vipimo viwili vilingane. Hapo fremu iko skwea. Miguu nikaivalisha raba, kwa sababu sakafu yetu inadekiwa kila siku na paini inakunywa maji. Uso wa mninga nilipiga msasa hadi ukateleza, vanishi sikupaka, maana hapo ndipo unga unapomwagwa.

Chini niliacha wazi pande zote, kwa ajili ya mtungi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatuama chini, na kabati lenye milango linaikusanya.

Mama akajaribu. Akaegemea donge kwa mikono miwili, akalisukuma, akalikunja, akalisukuma tena. Hakusema kitu hadi donge la tatu.

"Hii imenijua," akasema. Kisha akainama kutazama chini. "Ila mtungi uko uchi."

Kesho yake nikakuta kanga imetundikwa kuzunguka miguu yote minne. Nikamweleza habari ya gesi kutuama. Akanisikiliza vizuri kabisa, akaitoa kanga upande wa dirishani tu.

"Huko ipumue," akasema. "Huku wanapita wageni."